Raptor kwenye bodi ya Hilux ya mjomba: wiki tatu baadaye

Kabla sijasalimia mtu, angalieni hiki kipande cha bati. Dogo, shusha kamera, achana na uso wangu, fuata mkono. Hili ni tofali la kawaida. Nimeliweka juu ya kipande cha boneti kuukuu chenye rangi ya kawaida ya gari. Nainua upande mmoja, taratibu... limeshateleza. Sasa tofali lilelile, boneti ileile, ila kipande hiki nimekipulizia Raptor, ile rangi ngumu ya kulinda bodi ya pikapu. Nainua. Bado. Naendelea kuinua. Bado! Bati limeinuka karibu nusu ya kusimama na tofali limeng'ang'ania kama kupe. Hapo, ndiyo limeachia sasa.

Haya, habari zenu wadau, karibuni tena. Mliofika leo kwa mara ya kwanza, hapa tunazungumzia magari ya kazi, magari yanayobeba. Tangu nionyeshe ile pikapu ya mjomba wangu, Hilux Vigo, ikiwa imevuliwa plastiki ya bodi, mmekuwa mkiuliza imeishia wapi. Imeishia hapa, nyuma yangu, nyeusi, na nimeifanya mwenyewe uani kwetu Kigamboni.

Mjomba anabeba samaki. Alfajiri yuko Feri, soko la samaki la Dar, anapakia makreti yenye barafu, anapita na kivuko kurudi huku. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanashuka kwenye bodi. Alikuwa ameweka laina ya plastiki, ile ya kudumbukiza ndani kama beseni, akijua amemaliza shida. Siku tulipoifungua, wadau, nilinyamaza. Chini yake mchanga umeshikana na magamba, maji yamekaa, na bati limeliwa na kutu mpaka sehemu moja kidole changu kimepita. Plastiki haikuzuia kitu, ilikuwa inaficha tu. Kila gari linapotikisika, mchanga ulio katikati unafanya kazi ya msasa, unakwangua rangi kidogo kidogo. Kama una laina ya namna hiyo na unakaa Pwani, ifungue leo hii uangalie, usingoje wikiendi.

Boksi la Raptor mnalijua, sitasoma maandishi yote. Ni bidhaa ya U-POL, kampuni iliyoanzia Uingereza: chupa nne za mililita 750, hadna yake pembeni, yaani dawa ya kuigandisha, unachanganya tatu kwa moja. Chupa ina nafasi, unajazia hadna hadi kwenye alama, unafunga, unatikisa dakika mbili bila kudanganya. Ukishachanganya una kama saa moja, na kwa joto letu la Dar mimi najihesabia pungufu ya hapo. Changanya chupa moja, imalize, ndipo uchanganye nyingine.

Sasa njooni kwenye kitu kilichonifanya niipende hii bidhaa. Ngozi yake. Nimepulizia vipande viwili vya boneti kwa chupa moja, bunduki moja, umbali uleule, kama sentimita 45 hivi. Nilichobadilisha ni presha ya kompresa peke yake. Dogo, njoo karibu kabisa. Hiki cha kushoto ni presha 40, nahesabu kwa PSI. Unaona punje zake? Nene, zimesimama kama ngozi ya fenesi. Pitisha kidole, kinakwama. Hiki cha kulia ni presha 60. Punje zimepungua, zimelala, zimekuwa kama ngozi ya chungwa. Hewa ikiwa nyingi inaipasua rangi iwe matone madogo, ikipungua matone yanatua makubwa. Ni hivyo tu! Mshale wa geji ndio unaoamua bodi yako itakuwa na sura gani, na hakuna rangi ya gari niliyowahi kushika inayokupa uhuru wa namna hiyo.

Lakini uhuru huo una meno. Ile bunduki inayokuja na hii kazi inakula hewa sana. Kompresa yangu ni ya lita 50. Nimeanza sakafu kwa presha 40, nimefika katikati, mlio wa bunduki ukaanza kubadilika, ule mvumo mkali ukawa kama mtu anayetema mate. Nikaangalia geji, iko 25. Matokeo yake haya hapa, karibu na mfereji wa tatu wa bati. Unaona hili doa? Kama kiganja cha mkono, punje zimejikusanya, zimekuwa vinundu. Halitoki tena. Kwa hiyo ukisikia mlio umebadilika, achia kifyatuo, simama, iache kompresa ijaze, ndipo uendelee. Usimalizie kipande kwa sababu umebakiza kidogo.

Kuna ndugu zangu wataniuliza kwa nini nisitumie ile ya kupaka kwa rola. Ipo, kwa mfano Herculiner ya Marekani, ile yenye chembe za mpira ndani yake, unafungua kopo unapaka. Mwezi uliopita ningekwambia usihangaike nayo. Nimebadilisha mawazo kidogo. Kama huna kompresa, na kuikodi ni shida, rola itakulinda bati vizuri kuliko kulala na kutu ukisubiri siku ya kupata mashine. Halafu kuna wakubwa wao, Line-X na Rhino Linings. Hao kazi yao kubwa si kuuza chupa uende nayo nyumbani, kwa kawaida wana mashine inayopasha kemikali mbili moto na kuzitoa kwa presha kubwa, zikigusa bati zinaganda ndani ya sekunde. Huwezi kuwashindanisha na kazi ya uani, ule ni mlima mwingine.

Bei. Najua mlikuwa mnaisubiri. Boksi zima nililinunua kwa pesa inayokaribia tairi mbili mpya za hiyohiyo Hilux. Mjomba alishika kichwa. Juu yake weka msasa, praima, tepu, thina, na fundi wa kuchomelea lile tundu. Hata hivyo fundi rangi tuliyemuuliza alitaka karibu mara mbili ya jumla yote. Mimi naona inalipa, ila kwa gari inayobeba. Kama pikapu yako inabeba mabegi ya safari na keki ya harusi, weka hela yako kwenye tairi.

Sasa kazi yenyewe, na nitakwenda haraka maana kupulizia ni saa mbili tu, siku tatu zote ni maandalizi. Tumeosha kwa sabuni mara tatu mpaka harufu ya samaki imeondoka, kwa sababu mafuta ya samaki yakibaki, rangi haishiki. Kutu tumeikwangua kwa grainda yenye brashi ya waya. Rangi ya zamani iliyo nzima huitoi yote, unaipiga msasa namba 180 mpaka mng'ao ufe. Ukimulika tochi na bado kuna sehemu inang'aa, hujamaliza. Kwenye mifereji ya bati msasa hauingii vizuri, hapo tumia ile dodoki nyekundu ya mafundi rangi, sukuma kwa ncha za vidole. Bati lililobaki wazi lote linapigwa praima ya epoksi kwanza, ile rangi ya chini ya kushikisha. Tundu za kutolea maji zizibe kwa tepu, usije ukazifunga kwa rangi, maji yakakosa njia. Na bati liwe kavu kabisa. Hadna haipatani na unyevu, itakutolea malengelenge. Tulisubiri umande wa asubuhi ukauke, tukaanza kwenye saa nne, mkono wa kwanza mwepesi, tukangoja saa moja, mkono wa pili.

Hapa naomba mnisikilize bila kuruka mbele. Hadna hii ina isosaianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Ukivuta ule ukungu wake inaweza kukuachia pumu ambayo haiondoki. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii chochote. Kwenye karakana kubwa mafundi huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Mimi nilivaa ya uso mzima yenye vichujio vipya vya kaboni, nguo za mikono mirefu, glavu, na nilifanya uwanjani upepo ukipita, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, usishuke hapo. Watoto wote walipelekwa kwa bibi yao, nguo za jirani zikaanuliwa. Nimeshawaona vijana wanapulizia kifua wazi, shati limefungwa puani. Ndugu yangu, bodi inapakwa upya, pafu halipakwi.

Kabla sijarudi kwenye gari, tangazo fupi: kile kipindi chetu cha maswali ya moja kwa moja kimehama kutoka Alhamisi kwenda Jumamosi usiku, mafundi wengi mlilalamika Alhamisi mnakuwa bado gereji. Tumewasikia.

Wiki tatu za kazi sasa. Makreti hayatembei tena. Zamani mjomba alikuwa akifunga breki unayasikia yanagonga kabini, sasa kimya. Nimejaribu kuikwaruza na bisibisi mbele yenu, angalieni, imeacha mstari mweupe, nafuta kwa kidole kilicholowa, mstari umeondoka. Ila mjomba ana lalamiko, na ni la haki. Ile ngozi ya presha 40 niliyoisifia inashika magamba. Ukiosha kwa ndoo yanabaki kwenye punje, inabidi brashi ngumu. Na ukipiga magoti humo na kaptura utajuta. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nasema sakafu iwe 40, kuta ziwe 60. Kwa gari ya samaki nafuta hiyo kauli. Pulizia 55 au 60 kila mahali. Ile ya 40 waachieni wanaobeba tofali, mbao na mapipa, vitu visivyoacha taka ndogondogo. Sakafu ya mjomba nitaikuta mwakani nikiipiga mkono wa tatu juu yake.

La mwisho, hii kona. Dogo, mulika hapa chini ya mdomo wa bodi, karibu na mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Naingiza ukucha. Mnaona? Inainuka kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake rangi ya zamani inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani, kwa maana hiyo msasa haukufika hapa. Ni kosa langu, mkono haukuingia vizuri nikaona isiwe tabu. Bahati nzuri chupa ya nne niliichanganya nusu tu, nusu nyingine iko kabatini bila hadna, na hadna imefungwa vizuri. Kesho mjomba akirudi kutoka Feri tunaosha, nakata hilo ganda kwa wembe mpaka nifike linaposhika kweli, napiga msasa, naipaka kwa brashi. Sehemu yenyewe haifiki hata ukubwa wa simu, bunduki haihitajiki. Nitaleta picha zake Jumamosi usiku.