Mashine za kaunta kwa duka dogo: nilivyozipanga, ya kwanza hadi ya mwisho

Kabla hujatoa hela, simama pembeni ya kaunta yako saa ile ya foleni utazame tu. Mteja mmoja anachukua muda gani tangu aweke mzigo mpaka apokee risiti, na muda huo unapotelea wapi? Mara nyingi kujumlisha hakuchukui muda. Kinachochelewesha ni kuuliza bei, kutafuta chenji na kusubiri malipo ya simu yathibitike. Nunua kifaa kinachotibu hapo panapouma.

Tena, nchi kadhaa zinataka risiti itoke kwenye mashine au mfumo uliokubaliwa na mamlaka ya kodi. Uliza huko kwanza, ndipo usome mpangilio wangu. Anayenunua kwanza na kuuliza baadaye anaweza kujikuta ananunua mara mbili.

Mimi napima kila kifaa kwa swali moja: umeme na intaneti vikikatika mchana, jioni nitajua nimeuza nini, kimebaki nini, na droo inatakiwa iwe na kiasi gani?

Nafasi ya kwanza: tableti au simu yenye programu ya mauzo, pamoja na skana (kifaa cha kusoma misimbo ya bidhaa) na printa. Kwa maduka mengi madogo hapa ndipo pa kuanzia. Betri inaendelea kufanya kazi umeme ukikatika, na kifaa kikiharibika unaingia kwenye akaunti yako kwa simu nyingine na kuendelea kuuza. Lakini programu hazifanani, na tofauti kubwa huonekana mtandao unapopotea. Programu nyingi zina kipindi cha majaribio bila malipo, kwa hiyo jaribu hivi: zima data na Wi-Fi, uza bidhaa tatu, rudisha moja kama mteja aliyebadili mawazo, kisha washa mtandao. Angalia stoku. Imepungua mbili kamili? Kama imepungua nne, au zile bidhaa tatu hazionekani popote, achana nayo hata iwe nzuri kiasi gani machoni.

Jaribio la pili ni kutoka. Tafuta kitufe cha kupakua orodha ya bidhaa, bei na mauzo kwenye faili la jedwali, yaani Excel au CSV, na ukibonyeze siku ileile. Niliwahi kutumia programu ambayo haikuwa nacho. Nilipotaka kuhama, mauzo ya mwaka mzima yalibaki kwao, nami nikaingiza bidhaa upya moja moja kwa mkono, usiku, baada ya kufunga duka. Tangu hapo sijasaini chochote kabla ya kuona faili langu likifunguka kwenye kompyuta yangu. Na ada ya mwezi usiitazame kama ya mwezi: izidishe kwa 36, yaani miaka mitatu, kisha ulinganishe na bei ya mfumo unaolipiwa mara moja.

Skana usiibanie. Misimbopau ya mistari ilianza kusomwa dukani tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio, Marekani, na bado ipo kila mahali. Ila misimbo ya miraba kama QR inaingia kwenye vifungashio, na shirika la GS1, linalosimamia misimbo hii duniani, limelenga mwisho wa 2027 maduka yawe na uwezo wa kusoma aina zote mbili. Skana ya leza husoma mistari tu, na hupata taabu msimbo ukiwa kwenye kioo cha simu. Chukua ile inayopiga picha. Unapoijaribu, usitumie boksi jipya la muuzaji. Nenda na mfuko uliokunjamana, chupa yenye unyevu na pakiti iliyochubuka kona, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyopita kaunta kwako. Kamera ya simu nayo inasoma, lakini foleni ikiwa ndefu utaichoka.

Bidhaa zisizo na msimbo zitengenezee wa kwako, wa tarakimu 13 unaoanza na 2. Nambari za 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, hivyo hazitagongana na za kiwandani.

Printa za risiti ni za upana wa milimita 58 au 80. Hazitumii wino. Joto ndilo linaloichoma karatasi ikawa nyeusi, nayo ina upande mmoja tu unaochapika. Risiti ikitoka nyeupe tupu, usikimbilie fundi: kwaruza karatasi kwa ukucha. Upande unaoacha mstari mweusi ndio unaotakiwa kuelekea kichwa cha printa. Karatasi hii hufifia juani, kwa hiyo mwenye bidhaa ya dhamana mwambie apige picha ya risiti yake. Na kama unataka droo ya pesa ijifungue, hakikisha printa ina tundu la waya wa droo, kwa maana printa ndiyo inayoituma droo ifunguke. Printa nyingi ndogo za Bluetooth hazina tundu hilo.

Ya pili: kompyuta ya kaunta yenye programu iliyosakinishwa. Ukiwa na maelfu ya bidhaa, ankara nyingi za wasambazaji na wateja wa mkopo, naipandisha iwe ya kwanza. Kibodi ina kasi ambayo kioo cha kugusa hakiifikii. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: kumbukumbu zote zinaweza kuwa kwenye diski moja. Nunua UPS (betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika) siku hiyohiyo, na kila jioni nakala ya data itoke nje ya jengo.

Ya tatu: kifaa cha mkononi cha kupokea malipo chenye programu na printa ndani. Kinafaa kwa duka la bidhaa chache au anayeuza akizunguka. Tahadhari, kupokea kadi na kutunza stoku ni kazi mbili tofauti, na vifaa hivi vingi vinaijua vizuri ile ya kwanza tu. Uliza pia kama utaweza kuendelea kukitumia ukihamia kwa benki au kampuni nyingine ya kupokelea malipo.

Ya nne: rejista ya elektroniki, yaani mashine ya kujumlisha mauzo yenye droo ya pesa. James Ritty, mwenye baa wa Dayton, Ohio, alibuni rejista mwaka 1879 kwa sababu wahudumu wake walikuwa wakichomoa pesa za mauzo, na kazi hiyo ya kulinda droo inaifanya vizuri mpaka leo. Ni imara, na keshia mpya anaielewa siku moja. Lakini nyingi hukuambia umeuza kiasi gani, bila kukuonyesha rafu ipi inakaribia kuwa tupu.

Ya mwisho: mashine za mteja kujihudumia. Kwa duka dogo, hapana. Zinakula nafasi, na bado lazima mtu asimame karibu.

Ukishachagua, usiingize duka zima siku ya kwanza. Anza na bidhaa 50 zinazotoka haraka, uzihesabu kwa mkono rafuni, na kwa wiki mbili daftari liendelee sambamba na mfumo. Vitabu viwili vikilingana jioni sita mfululizo, ongeza rafu inayofuata.