Silkie wa Buhongwa: jogoo safi, tetea mweusi nina neno

Nimechukua Silkie, kuku wa manyoya laini kama hariri, kwa mfugaji mmoja wa Buhongwa, Mwanza: jogoo mweupe na tetea mweusi. Nilianza na miguu: vidole vitano kila upande, cha tano kimenyanyuka juu bila kugusana na cha nne. Nikapuliza manyoya ya kifuani, ngozi nyeusi tii. Ndewe za buluu, kishungi kimejaa. Kwa mbegu, sina ubishi.

Kesi ni rangi. Jogoo ana umanjano mgongoni. Muuzaji akasema ni jua, na kweli jua la Mwanza halimwachi mweupe salama. Nikamwinua bawa, chini yake ni mweupe pee. Nikakubali. Tetea ndiye kanikwaza: shingoni ana nyuzi za dhahabu, na bawani kuna manyoya magumu, yamekaza kama ya kuku wa kienyeji. Wa mashindano huyo hapana. Wa kuatamia mayai, mbebe, ila dai punguzo, muuzaji anapunguza.

Banda ni kavu, maranda mapya. Afadhali, maana manyoya haya hayazuii maji. Vifaranga anauza kwa bei ya "majike". Hiyo usiilipe, Silkie mdogo hivyo jinsia haijulikani.