Mbege au bia ya chupa?

Mimi ni mtu wa mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, nasema wazi. Uchagani ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu, zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi uliotiwa magome ya msesewa. Hayo magome ndiyo yanayoleta uchungu, kama hopsi kwenye bia ya kiwandani. Ukipewa kata, unaona chembe za ulezi zikielea juu; unazipuliza pembeni, unapiga funda. Utamu hutangulia, ukakasi hufuata, mwisho uchungu unabaki kooni. Kila mpishi ana mkono wake, na ladha ya kwa jirani si ya kwetu.

Bia ya Safari au Kilimanjaro ya chupa ni jambo jingine: shayiri, hopsi, imechujwa ikang'aa. Ukifungua Moshi au Mtwara, ladha ni ileile. Siku ya jua kali, ikiwa baridi, naipenda kweli. Tena inakaa miezi. Mbege ya jana leo imeshaanza kuwa chachu.

Lakini kwenye posa au matanga, nipeni kata.