Nilivyochapisha kadi 270 za Wababe wa Theluji hapa Mwanza

Nimechapisha kadi za kuchezea drafti kwenye duka moja la uchapaji hapa mjini, na haya ni maoni yangu kuhusu huduma yao. Kwanza niondoe utata: drafti ninayoisemea si ile ya ubao na vizibo vya soda. Ni drafti ya kadi, kama wanavyocheza watu wa Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield ukatoka 1993. Kila mmoja anafungua pakiti ya kadi 15, anachagua moja, zilizobaki anampa jirani wa kushoto. Pakiti ya pili inazungushwa kulia, ya tatu kushoto tena. Mwisho una kadi 45 mkononi, unachuja, unaongeza ardhi, yaani kadi za kulipia gharama ya nyingine, unajenga deki ya 40 ya kuchezea, kama 17 kati yake zikiwa ardhi hizo.

Sisi tuko sita, tunakutana Jumapili Nyegezi. Sita mara 45 ni 270, na hizo ndizo nilizobuni: wapiganaji wa nchi ya baridi, mashoka, ngozi za dubu, maziwa yaliyoganda. Kamusi zingewaita watu hawa washenzi. Nililikataa neno hilo. Watu wa pwani walikuwa wakituita hivyo sisi wa bara enzi za misafara, na mimi ni Msukuma. Siliandiki kwenye kadi atakayoishika mtoto wa dada yangu. Wakawa wababe.

Kubuni kulinichukua miezi minne, na muda mwingi uliishia kwenye kosa moja. Makabila yote niliyapa faida ya kushambulia, kwa sababu mbabe anavamia. Tulipojaribu kwa vikaratasi vya daftari, aliyeanza zamu alishinda karibu kila mara. Hakukuwa na sababu ya mtu kukaa nyumbani kwake. Nikamkumbuka bibi na michembe yake, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, vikawekwa hadi msimu wa njaa. Watu wa theluji nao wanaishi kwa akiba. Hapo ikazaliwa Bibi wa Ghala: gharama 2, nguvu 0, uhai 4, na ukimaliza zamu bila kushambulia unapata uhai 1. Ni kadi ya kawaida, zipo nakala tatu, na ndiyo iliyosawazisha seti nzima.

Kila pakiti niliiwekea pia ardhi moja ya theluji. Ardhi za namna hiyo zilianza kwenye seti ya Magic iitwayo Ice Age, ya 1995, na Kaldheim ya 2021 ilikuwa na moja katika kila pakiti. Mpango ule ni mzuri, nikaufuata.

Picha alichora rafiki yangu anayeandika mabango ya maduka. Kakulia Kwimba, na theluji yake ya kwanza ilikuwa pamba tupu, imevimba na kutulia kama ya kwenye magunia. Tulikaa tukatazama picha za kilele cha Kibo mpaka akaona kwamba kivuli cha barafu ni bluu, si kijivu. Mwamba wa Bismarck, ule wa ziwani hapa Mwanza, aliuchora ukiwa umening'iniza barafu hadi majini. Nimeuweka kwenye kadi adimu.

Sasa huduma yenyewe. Nilikwenda duka moja la uchapaji mjini kati nikiwa na faili la kurasa 30, kadi tisa kwa kila A4, kila kadi milimita 63 kwa 88. Karatasi ngumu ya gramu 300, pande mbili, laminesheni isiyong'aa: shilingi 2,000 kwa kila karatasi, jumla 60,000. Walisema kesho jioni, ikawa siku ya tatu. Hilo nililivumilia. Kilichoniumiza ni kwamba walichapa zote 30 bila kunionyesha hata moja. Ile bluu iliyotuhangaisha ikatoka zambarau, na mgongo umesogea milimita mbili hivi, ukingo mweupe mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili.

Kwa kadi za harusi milimita mbili hakuna anayezijali. Kwenye drafti ni maafa, maana kadi zinapita mikono sita kisha zinachanganywa kwenye deki, na ukiujua ukingo wa kadi moja unaijua hata ikiwa imelala kifudifudi. Nilimweleza dada wa kwenye kompyuta hivyo hivyo, kadi mkononi. Hakubisha. Aliigeuzageuza, akasema, "Kaka, ondoa hii fremu. Acha mchoro upite hadi nje ya mstari wa kukatia, hata ikisogea haitaonekana." Akapunguza majenta kwenye bluu, akachapa karatasi moja tukaitoa nje tukaitazama juani. Ilikuwa barafu kweli. Zote 30 walirudia bila kunidai hata mia.

Ukataji sina neno. Nilipima kadi ishirini kwa rula, zote sawa. Kona hawakati, hivyo nilikata mwenyewe kwa kifaa cha mkono: kona 1,080, jioni mbili, na malengelenge gumbani. Mifuko ya kadi ya mgongo mweusi nayo sikuipata mjini. Niliagiza Nairobi ikaja na basi. Usiiruke, kwa unyevu wa huku ziwani kadi zisizo na mfuko zilianza kupinda baada ya wiki.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano ingekuwa ya karatasi ya majaribio, ambayo walipaswa kuitoa wao kabla sijaidai. Wewe ukienda popote kuchapa kadi za kucheza, lipia ukurasa mmoja kwanza, ukate, ulaze kadi tisa kifudifudi mezani na umwite mtu aseme ipi ni ipi. Akiweza kuitambua hata moja, usiruhusu mashine iendelee.

Jumapili iliyopita tulicheza na seti kamili kwa mara ya kwanza. Bibi wa Ghala wa tatu alichukuliwa mapema, kadi ya nne ya pakiti ya pili.