Baldur's Gate 3: dadu iliyoniletea kesi nyumbani

Bandugu na badada, jambo! Mnanisikia? Maikrofoni ni mpya. Ikikwaruza niandikieni hapo chini, msininyamazie kama siku ile niliporekodi dakika ishirini bila sauti na mkaniangalia tu napiga mdomo kama samaki. Tuko Lubumbashi, ni usiku, umeme upo. Utakaa mpaka saa ngapi hakuna anayejua, kwa hiyo tuanze.

Leo ni gemu ya Baldur's Gate 3. Najua, najua. Ilitoka Agosti 2023, mtaniambia yaya, mkubwa wetu, umeamka sasa? Sikilizeni. Kwenye kompyuta gemu hii inadai nafasi ya giga 150. Giga 150, na hizi fofe zetu, vifurushi vya intaneti! Ukianza kupakua leo utamaliza una wajukuu. Nikasubiri disiki za PS5, ile mashine ya gemu, zikatoka 2024. Ndani ya boksi zinatakiwa ziwe mbili. Mimi nikauziwa boksi lenye moja. Muuzaji simtaji, mwenyewe anajijua. Ya pili aliniletea baada ya majuma matatu, na aliyekuwa amenuna ni yeye.

Mambo ya picha sitaki kuyarudia, mmeshaona video mia. Hadithi yenyewe: umetekwa ndani ya chombo kinachoruka, umetiwa kiluwiluwi kwenye jicho, na kiluwiluwi hicho kitakugeuza zimwi lenye minyiri ya pweza mdomoni. Unatafuta dawa. Njiani unaokota wenzako, kila mmoja na matatizo yake kichwani. Vita ni vya zamu, wewe kisha adui, kama kisolo, bao letu: ukikurupuka unaliwa. Waliotengeneza ni Larian, wa mji wa Gent, Ubelgiji. Baba aliposikia Ubelgiji aliuliza kama ndani ya boksi wameturudishia na shaba yetu.

Bon. Dadu.

Angalieni ekrani. Ukitaka kumshawishi mtu, kumtisha, kumdanganya, kufungua kufuli, gemu inasimama na linatokea dadu kubwa la pande 20. Juu imeandikwa namba unayotakiwa kuifikia. Unabonyeza, linazunguka, krrr, krrr... Sikieni hiyo sauti! Likianguka kwenye 20, umeshinda, hata kama ulikuwa unaomba upuuzi. Likianguka kwenye 1, umeshindwa, hata ungekuwa na ulimi wa wakili. Katikati hapo ndipo panapohesabiwa ujuzi wako. Ukiwa na Ombrecœur kwenye kundi, ndivyo Kifaransa kinavyomwita yule dada wa sala, anakuombea, unaongezewa dadu dogo la pande nne.

Sasa niwaonyeshe mahali dadu hili lilipotuumiza. Mwanzoni kabisa unafika kwenye kijiji cha msituni, wachawi wa miti wamewapa hifadhi wakimbizi wenye pembe. Wakimbizi wamechokwa, wanataka kufukuzwa. Binti mdogo, Arabella, ameiba sanamu takatifu ya wachawi hao. Unamkuta mbele ya mama mmoja wa hao wachawi, anaitwa Kagha, na Kagha ana nyoka. Nyoka yuko pale chini, anamtazama mtoto. Unaruhusiwa kusema neno.

Tulikuwa tunacheza wawili, mimi na mdogo wangu, maana PS5 inagawanya ekrani mara mbili, kila mtu na maneti yake ya kubonyezea. Hilo nalo nalipenda sana, gemu za siku hizi zimesahau kwamba watu wana ndugu. Aliyeanza mazungumzo ni yeye, kwa hiyo dadu lilikuwa lake. Akalipulizia mkono kama mcheza kamari. Akabonyeza. Krrr, krrr. Moja.

Mtoto akakimbia. Nyoka akaruka.

Kijana ana miaka 19, ana ndevu, akaweka maneti chini. "Yaya, tumemuua?" Nikamwambia si sisi, ni nyoka. Akasema, "Mimi ndiye niliongea." Akaniomba turudi kwenye sevu ya nyuma, pale tulipokuwa tumehifadhi mchezo. Nikakataa. Hapo ndipo kesi ilipoanza, siku mbili hatusemezani, mama anauliza hawa wamegombania msichana?

Nilikataa kwa sababu gemu haikusimama. Hakuna maandishi mekundu ya "umeshindwa". Inaendelea. Wazazi wa yule mtoto wako hapo nje, lazima uwapite. Ungemwokoa, ungekuja kukutana naye tena mbele sana, sura ya pili. Sasa hayupo, na nafasi yake iko wazi mpaka mwisho. Gemu nyingi zinakupa uchague, halafu njia zote mbili zinakupeleka mlango uleule. Hapa sijawahi kuona uvivu huo. Ila, na hapa nawagombeza, mnacheza huku kidole kiko kwenye kurudisha sevu! Kila dadu likigoma, mnarudi. Hamchezi, mnasahihisha mtihani. Ukitaka dawa ya huo ugonjwa, kuna namna ya kucheza inaitwa Honour, sevu ni moja tu. Mimi ilinitoa jasho nikaiacha siku ya pili. Sawa, mimi pia si shujaa.

Kinachoniudhi sasa. Sauti. Gemu nzima imezungumzwa Kiingereza tu. Maandishi ya Kifaransa yapo, sauti hakuna. Wabelgiji! Sehemu kubwa ya nchi yao wanaongea Kifaransa! Wapolandi walioitengeneza gemu ya The Witcher 3, mwaka 2015, waliweka sauti ya Kifaransa, shujaa wake Geralt anamwita farasi wake Ablette utadhani amekulia Liège, kwa Wabelgiji wa Kifaransa. Hii, iliyozoa tuzo ya gemu ya mwaka Desemba 2023, bosi wao akapanda jukwaani amevaa deraya ya chuma, inatuachia kusoma. Na wanaongea, jamani, wanaongea! Macho yananiuma.

Ngoja lakini niseme ukweli. Kwa kuwa sauti hakuna, mdogo wangu ndiye aliyekuwa anatusomea. Anaangalia Kifaransa chini, anakitoa kwa Kiswahili chetu, anabadilisha sauti. Astarion, yule mnyonya damu mwenye maringo, amempa sauti ya jirani yetu mmoja, simtaji. Binamu walikuwa wanakuja jioni kusikiliza, hata hawashiki maneti. Nyanya anauliza, "Yule mwenye meno amekula?" Ingekuwa na sauti ya Kifaransa, tusingepata hayo. Kwa hiyo sijui. Naendelea kukasirika, lakini kidogo.

Tahadhari kwa wanaoishi na wazazi: ni ya miaka 18 kwenda juu, na si kwa damu tu. Mama aliingia na sahani ya bukari saa ileile Lae'zel, mmoja wa wenzetu wa safari, anavua nguo. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuficha uchi. Uficheni kabla hamjaanza, msingoje bukari ipoe.

Watu wa Katanga, nisisahau: chini ya ardhi kuna karakana ya kale ya kuyeyusha chuma, juu ya ziwa la moto. Unapasua mwamba upate mawe ya madini ya mithral, unaweka kalibu, unaweka jiwe, unavuta mkono wa chuma, nyundo inashuka, gbam! Unatoka na silaha ya chuma cha adamantine. Yapo mawe mawili tu, chagua vizuri. Ila lava ikipanda, linaamka jitu la chuma linalinda mahali. Tulilipiga panga saa nzima, halihisi. Mjomba, aliyefanya kazi kwenye kuyeyusha shaba miaka yote, alikuwa anapita kwenda kulala. Akatazama, akasema, "Lileteni chini ya nyundo." Tukalivuta mpaka katikati, tukaangusha nyundo. Akaenda kulala.

Bei: ilipotoka kwa PS5 ilikuwa dola 70. Hizo ni pesa, sidanganyi. Kama unayo 70 moja tu mfukoni na hujawahi kucheza aina hii, nunua kwanza The Witcher 3, siku hizi wanaishusha bei mara kwa mara, na utasikia Kifaransa. Kama una ndugu na maneti mbili, nunua hii. Sura ya tatu, mkishaingia mjini, mashine inaanza kukohoa, vumilieni.

Jumapili ijayo ni ile video ya betri na inverta mlioiomba, delestaji, huku kukatiwa umeme, ikiniruhusu. Sasa nirushe dadu mbele yenu. Nimeanza gemu mpya kwa ajili yenu, niko kwa Kagha, yule pale nyoka, yule pale mtoto. Nasema neno. Ombrecœur ananiombea. Nabonyeza.

Krrr, krrr...

Ishirini! Mmeona? Ishirini! Anaachiwa, anakimbia kwa mama yake, tazameni! Wee, njoo uone, tumemwokoa!

Mnamsikia mdogo wangu? Yuko nyuma ya kamera. Anasema, "Huyo si wetu, yaya. Wetu alikufa."

Haya. Nafunga hii. Nafungua ile ya kwetu. Chukua maneti yako, kaa. Na hiyo inverta imeanza kulia, nani amewasha pasi?