Friji za mtumba Kigoma: kagua mpira wa mlango kabla hujatoa hela

Meseji za mwezi huu karibu zote zinafanana. "Dada nimenunua friji refabishi pale Mwanga, inapooza vizuri tu, ila umeme unaisha hata sijui unaendaga wapi." Mmoja wa Ujiji anauza maji ya baridi na ubuyu wa barafu, kanitumia mpaka picha za luku yake, zamani alikuwa ananunua ya 9,150 anapata unit 75 anamaliza nazo mwezi, sasa hivi anaweka elfu kumi anapewa unit 28 na wiki mbili hazifiki. Fundi kaja kaongeza gesi. Wapi. Kaja mwingine kaongeza gesi tena, hela ikaenda. Nikamwambia weka karatasi mlangoni, funga, halafu ivute taratibu. Karatasi ikatoka kama hakuna kilichoishika.

Kwa hiyo leo sitaongelea lita wala rangi wala droo za mboga, hayo unayaona mwenyewe dukani una macho. Naongelea mpira wa mlango, maana naona watu wanagonga gonga friji, wanasikiliza kompresa utafikiri madaktari, halafu mpira hata hawaugusi.

Hesabu iko hivi. Friji za Ulaya zinakuja na kibandiko kinachosema inakula kWh (ndiyo hizo unit) ngapi kwa mwaka, ukikuta 260 gawa kwa 12, ni kama unit 22 kwa mwezi. Hapo kwenye unit 75 za mwezi za tarifu ya matumizi madogo bado una nafasi ya taa, tivii na pasi. Ila hiyo 260 ilipimwa mlango ukiwa unabana. Mpira ukishalegea, joto letu hili la ziwani na unyevu wake vinaingia usiku na mchana, kompresa haipumziki, na kompresa ya wati 120 isiyopumzika inakula karibu unit 2.9 kwa siku, mwezi unaisha ishakula 86. Friji peke yake jamani! Ushazidi 75 kabla hujawasha hata taa, na ukiendelea kuzidi unatolewa kwenye tarifu ya matumizi madogo, unit uliyokuwa unanunua kama 122 unainunua 356. Mtu anailaumu TANESCO, kumbe mwizi kamuweka mwenyewe jikoni.

Na asikubabaishe mtu na kibandiko cha A+++. Ulaya walishaziacha hizo plasi kwenye friji tangu Machi 2021, sasa hivi ni A mpaka G, kwa hiyo ukiona plasi jua friji ni ya kabla ya hapo. Sio mbaya, ila usiuziwe kama imetoka kiwandani jana.

Sasa hizi refabishi zetu nyingi zilichofanyiwa ni spray nyeupe, stika mpya ya ubavuni na kufutwa futwa ndani. Mpira uliokatika wanaubandika na supaglu, pengine wanajaza silikoni, ukifungua unaona pameng'aa ng'aa na pagumu. Mpira mzima ni laini, ukiubinya unarudi, na sumaku yake inauvuta mlango ukikaribia kufunga. Jaribu karatasi pande zote nne, usiridhike na ule upande wa mkono tu, unaokufa mara nyingi ni wa chini kwenye bawaba. Halafu washa tochi ya simu, iweke ndani, funga, omba wapunguze mwanga dukani uangalie kama kuna panapovuja mwanga. Watakuona mshamba, waache. Ukikuta umejikunja tu na haujachanika, maji ya moto kwenye kitambaa yanaulainisha unarudi kwenye shepu, hapo una sababu ya kushusha bei. Ukiwa na weusi wa ukungu usiotoka, umechoka huo.

Haya, tunapanga.

Ya kwanza Bosch, na mimi sifichi ni mtu wa Bosch, hamtanibadilisha. Siemens naiweka hapo hapo maana friji zao zinatoka kampuni moja, BSH ya Ujerumani, waliyoianzisha pamoja 1967. Sababu yangu ni ile ile, friji zao nyingi mpira umechomekwa kwenye mfereji, unauvuta kwa mkono na kuchomeka mwingine bila skrubu wala gundi. Na ndani kuna kibati kimeandikwa E-Nr, piga picha hiyo namba, ndiyo unayoagizia mpira wake wenyewe. Kibati kikiwa kimebanduliwa mimi naondoka. Liebherr nayo ingekaa hapa hapa, sema kuikuta huku ni bahati yako.

Ya pili LG na Samsung za volti 220 mpaka 240. Nzuri, ila zile pana za milango miwili ya kusimama mipira yake ni mirefu, kagua yote.

Friza ya kulala naiweka ya tatu, ila kwa anayeuza barafu ndiyo ya kwanza, na dada wa Ujiji alitakiwa anunue hii. Mlango uko juu, baridi ni nzito inakaa chini, hata mpira ukiwa umechoka kidogo haikuumizi sana.

Za Japani nazo mnazipenda kwa urembo. Ni za volti 100, umeme wetu ni 230, unahitaji stepdauni, ile ya kushusha volti, ambayo nayo inakula umeme saa zote. Halafu zile za milango sita ni mipira sita, utaipata wapi Kigoma?

Mpya ndogo za bei rahisi: mpira mpya, waranti ipo, basi.

Yoyote utakayochagua soma kibati cha kompresa. Kikisema R12 achana nayo, gesi hiyo inaharibu ozoni na ilianza kubanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987, friji yake ni bibi. Kikisema R600a, fundi asikuwekee R134a eti zote gesi, na asichomee karibu nayo ikiwa bado ina gesi, inawaka moto ile.

Kilichobaki ni bei, na hapa nina hasira. Friji niliyotajiwa laki nne Kariakoo, ya aina hiyo hiyo huku naambiwa laki sita na nusu, "usafiri dada". Reli imefika Kigoma tangu 1914 na bado usafiri ndio jibu la kila kitu. Ukiomba wachomeke uone inavyozima na kuwaka, umeme eti umekatika, wakati feni ya dukani inazunguka. Ukitaka risiti ya EFD bei inapanda palepale. Na ukiwaonyesha mpira uliolegea wanacheka, "hicho kitu kidogo tu dada". Sawa kaka, niuzie basi hicho kitu kidogo kwa bei ndogo. Hakuna, mpaka kiagizwe Dar, na hela unatanguliza.