Kipimo cha ini cha maabara: kwa mtu anayevilia damu, kifurushi hiki kina pengo kubwa

Mtu aliyekunywa gongo, chang'aa au konyagi kwa miaka mingi, akaacha, kisha akaanza kuona mavilio ya damu mapajani na mgongoni bila kukumbuka kujigonga, wazo la kwanza huwa ni ini. Huenda maabara, huomba "kipimo cha ini", hulipa, na jioni hupewa karatasi yenye mistari saba au minane. Tunakikagua kifurushi hicho kwa jicho la mtu huyo. Kwa kile kinachopima ni kizuri. Kwa swali lililompeleka maabara, kimeacha nje vipimo viwili anavyovihitaji zaidi.

Kwenye karatasi utakuta ALT, AST, ALP, GGT, bilirubini, albumini na protini jumla. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyovuja kutoka kwenye seli za ini zinapoumia. Havisemi ini lina nguvu kiasi gani za kufanya kazi. Ini lililokwisha kujaa makovu huweza kutoa namba za kawaida kabisa, kwa sababu seli zilizobaki za kuvujisha ni chache. Hapo ndipo wengi hupotea: wanaona hakuna mshale wa kupanda, wanarudi nyumbani wameridhika. AST ikiwa zaidi ya mara mbili ya ALT, daktari huifikiria pombe. GGT hupanda kwa unywaji na hushuka taratibu kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo ya aliyeacha mwezi uliopita isomwe pamoja na tarehe aliyoacha. Albumini ndiyo inayoonyesha kazi ya ini, ila inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake huchukua takribani wiki 3 kuisha, hivyo huchelewa kutoa habari.

Sasa pengo lenyewe. Damu huvilia chini ya ngozi kwa njia kuu mbili ini linapochoka. Ya kwanza, protini za kugandisha damu hutengenezwa na ini, na mojawapo, iitwayo faktari ya 7, nusu yake huisha ndani ya saa 6 hivi. Ini likilegea, upungufu huo hujitokeza mapema sana kwenye INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, ambacho kwa mtu asiyetumia dawa za kuyeyusha damu huwa karibu na 1. Ya pili, makovu huziba njia ya damu kuingia ini, shinikizo hurudi nyuma, bandama huvimba na kuzizuia ndani yake chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazosaidia kuziba jeraha. Kiwango cha kawaida cha chembe hizo ni 150 hadi 450 kwenye karatasi ya picha kamili ya damu. Zikiwa 110 kwa mtu mwenye historia ya pombe, hata kama ALT ni safi, hilo ni jambo la kufuatilia. Dirishani, basi, omba vitatu kwa pamoja: kipimo cha ini, picha kamili ya damu, na INR.

Uchukuaji wa damu nao hutofautisha maabara nzuri na mbaya, na unaweza kuuona kwa macho yako. Damu ya INR huingia kwenye chupa yenye kifuniko cha bluu, ambayo ina dawa ya maji ya kuzuia damu isigande ndani: sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya dawa. Ikijazwa nusu, dawa inazidi damu na INR hutoka juu kwa uongo. Angalia mstari wa kujazia ubavuni mwa chupa; damu isipofika, omba irudiwe. Chupa ya bluu ijazwe kabla ya ile ya zambarau, kisha igeuzwegeuzwe taratibu mara 3 au 4, isitikiswe. Ya zambarau nayo ina hila yake: kwa baadhi ya watu chembe sahani hushikana mafungu ndani yake, mashine ikazihesabu chache. Majibu yakija na chembe 60 kwa mtu asiye na dalili yoyote, mtaalamu aziangalie kwa darubini kabla ya mtu kuambiwa lolote.

Ukiwa na namba hizo unaweza kupiga hesabu ya kukadiria makovu ya ini, inayoitwa FIB-4: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Mtu wa miaka 48, AST 44, ALT 36, chembe 110: 48 × 44 ni 2112, kipeuo cha pili cha 36 ni 6, mara 110 ni 660, jibu 3.2. Zaidi ya 2.67 makovu makubwa yanashukiwa, na chini ya 1.3 si rahisi yawepo. Mtu huyohuyo akiwa na chembe 240 anapata 1.47. Vimeng'enya ni vilevile; kilichobadilisha picha ni namba ambayo kifurushi hakina. Hesabu hii usiipige ukiwa na malaria, maana malaria nayo hushusha chembe sahani.

Si kila vilio ni ini, na hili tunalisema kwa mkazo kwa sababu hofu nayo inatesa. Diklofenaki na aspirini, zinazonunuliwa dukani bila cheti, huzuia chembe sahani kufanya kazi ingawa idadi haibadiliki. Prednisoloni hudhoofisha ngozi. Pombe yenyewe hukandamiza uboho, na chembe hupanda tena ndani ya wiki moja au mbili za kuacha. Mnywaji asiyekula matunda wala mboga hukosa vitamini C: angalia vidoti vya damu kuzunguka mashina ya vinyweleo miguuni, na fizi. Kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo hukuza bandama na kushusha chembe huku ini likifanya kazi vizuri. Daktari aambiwe ulikokulia. Na kila mmoja apimwe homa ya ini B na C.

INR ikiwa juu, daktari huweza kutoa vitamini K na kurudia kipimo baada ya siku moja au mbili. Ikishuka, tatizo lilikuwa upungufu wa vitamini. Ikibaki palepale, ini lenyewe ndilo linaloshindwa.

Altrasaundi huonyesha bandama na maji tumboni, lakini makovu ya mwanzo huikwepa. Fibroskani, mashine inayopima ugumu wa ini kutoka nje ya mwili, ni bora zaidi. Nenda bila kula kwa saa 3, na majibu chini ya kilopaskali (kPa) 10 yanatuliza. Vidonge na chai za "kusafisha ini" hatuvipendekezi hata kidogo, baadhi ya mitishamba huliumiza ini. Kwa maumivu, parasetamoli isizidi gramu 2 kwa siku.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, macho ya manjano au kuchanganyikiwa: hapo usiende maabara, nenda hospitali yenye wodi ya dharura saa hiyohiyo.